Muulize Fundi: Oili inadondoka, pampu inasingiziwa

Mvua za vuli zinanukia, na matrekta yaliyolala tangu mwisho wa masika yameanza kuwashwa. Kila mwaka kipindi kama hiki barua zangu hunuka oili. Safari hii nimechagua tano. Ile ya tatu, ya kijana wa Misungwi, isome hata kama huna trekta, maana mkono kila mtu anao.

*

*Shikamoo Fundi. Nina Massey Ferguson 135 ya mwaka 1972, nililinunua kwa mtu, nipo Magu. Nikiliegesha jioni, asubuhi nakuta dimbwi la oili chini ya tumbo. Kila nikitoka kulima lazima niongeze oili ya haidroliki. Fundi wa hapa kijijini anasema pampu ya haidroliki imekufa na ndiyo inayovujisha, kwa hiyo ninunue nyingine. Msimu ndio huo, hela yenyewe ya kuungaunga. Nimsikilize?*
Mkulima, Magu

Marahaba, mwanangu. Hiyo hela ya pampu iache ilipo.

Pampu ya 135 haikufungwa nje hata iweze kudondosha oili chini. Imo ndani kabisa, kwenye nyumba ya katikati chini ya kiti cha dereva, imezama kwenye oili na inazungushwa na shafti ya PTO, ile inayotokeza nyuma ya trekta kuendesha vifaa. Ndivyo Harry Ferguson alivyoyapanga matrekta yake tangu yale madogo ya kijivu yaliyoanza kutoka Coventry, Uingereza, mwaka 1946, na 135 iliyokuja 1964 ikarithi mpango huo. Oili inayonyanyua jembe ndiyo hiyo hiyo inayolainisha giaboksi na difu. Tangi ni moja, zaidi ya lita 30. Pampu yako ikichoka hata leo, oili itavujia humo humo ilimotoka. Utaona mikono ya nyuma inanyanyua kwa uvivu, au inagoma kabisa oili ikishapata moto, lakini ardhi itabaki kavu. Na wewe barua yako haina hata neno moja kwamba mikono imekuwa dhaifu. Fundi wako ameona oili, akaikumbuka pampu.

Sasa tutafute inapotoka. Kazi ya kwanza ni kuosha, na nasema kuosha hasa, siyo kupitisha tambara. Ule udongo mweusi wa mbuga za Magu ukichanganyika na oili hugeuka gamba. Oili inaingilia juu ya gamba, inatembea chini yake, inatokea mbali kabisa na ilipoanzia. Kwangua, piga brashi na dizeli kidogo, kisha sabuni ya unga na maji, uache likauke juani. Osha ukiwa nyumbani, usilipeleke ziwani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na sidhani kama kuna atakayeweza kujitetea kwamba oili ya trekta haimo. Na ukitumia mashine ya maji ya presha, usiielekeze kwenye sili, zile pete za mpira zinazozuia oili kutoka, wala kwenye shina la leva ya gia. Maji yakiingia ndani utaandika barua nyingine.

Likishakauka, chukua poda ya watoto au chaki iliyosagwa, nyunyizia tumbo zima na pembeni. Washa, tembea kama nusu saa, nyanyua na ushushe jembe mara kwa mara. Kisha zima na ulale chini na tochi. Poda itakuwa imelowa kwa mstari. Ufuate mstari ule kwenda juu mpaka unapoishia, hapo ndipo penye kosa. Pale inapodondokea pasikushughulishe, kwa sababu oili huteremka na chuma mpaka ikute kichwa cha bolti kilichotokeza, ndipo inaachia. Usiku tandaza katoni chini ya trekta na uchore mahali tairi zilipo, asubuhi utajua dimbwi ni la mbele, la kati au la nyuma.

Angalia na rangi. Oili nyeusi ni ya injini, na hapo hatuzungumzii haidroliki tena. Chini ya nyumba ya klachi, nyuma tu ya injini, kuna kitundu chenye splitipini inayochezacheza. Imewekwa ichezecheze makusudi, ili tundu lisizibe kwa tope na oili inayopenya mle itoke nje badala ya kulowesha klachi. Nimeona watu wameling'oa lile pini na kugongea kijiti, wakashangilia kuvuja kumekoma. Baada ya muda klachi inaanza kuteleza. Kikidondosha oili nyeusi, sili ya nyuma ya krenkishafti imechoka. Kikidondosha oili ya rangi ya dhahabu, ni sili ya shafti inayoingia giaboksi. Zote mbili zinataka trekta litenganishwe katikati, kazi ya siku na ya fundi mwenye stendi za kutosha. Kama ni matone machache na klachi haitelezi, lima kwanza, ufungue msimu ukiisha.

Kabla hujanunua hata oringi moja, yaani pete ya mpira ya kuzuia oili, kagua tundu la kupumulia. Nyumba ile ya oili ikipata moto, hewa ya ndani hutanuka na lazima ipate pa kutokea. Kwenye matrekta mengi tundu liko kwenye kifuniko cha juu au kwenye kizibo cha kumiminia oili, na kwenye mengi niliyofungua limezibwa na vumbi, au limepakwa rangi na aliyetaka trekta lionekane jipya kabla ya kuliuza. Hewa ikikosa njia inasukuma oili kwenye sili zote kwa pamoja. Waya mwembamba na dizeli kidogo, limekwisha. Pima na oili yenyewe: sehemu tambarare, mikono imeshushwa, injini imezimwa na kuachwa itulie. Kama imepita alama ya juu, ujue unajaza kupita kiasi na trekta linarudisha ziada.

Haya, tuseme tundu ni zima na poda imeonesha dhahabu. Kwa dimbwi la chini ya tumbo naanza kushuku vile vifuniko viwili vya pembeni, kushoto na kulia, chini ya miguu ya dereva. Vinashikwa na bolti, katikati kuna gasketi ya karatasi, na katika miaka 50 vimefunguliwa na kila aliyetaka kuchungulia. Aliyekosa gasketi amepaka silikoni. Sikatai silikoni, ila mtu akiikamua kwa wingi, ile inayobanwa kuelekea ndani inakatika, inaogelea, inaishia kwenye chujio la pampu. Hapo ndipo pampu isiyo na kosa inapokosa oili na kuanza kulia, na mnaambiwa imekufa.

Mwaga oili kwanza, kwenye ndoo safi yenye kifuniko. Ukiikuta safi unaweza kuirudisha, lakini usiichuje kwa kanga, maana nyuzi zake ndizo zitakazoziba chujio. Ukiikuta imepauka rangi ya chai ya maziwa, ina maji. Hiyo imwage yote. Kabla ya kumwaga, trekta lililolala usiku kucha lilegeze nati ya chini taratibu asubuhi. Maji hukaa chini ya oili, yatatangulia kutoka, nawe utajua kiasi chake.

Kwangua gasketi ya zamani kwa kisu butu, patasi iweke mbali. Kifuniko kilaze juu ya kipande cha kioo uone kama kinachezacheza. Kikicheza, bandika msasa juu ya kioo na ukisugue mpaka king'ae kote. Gasketi kata mwenyewe: karatasi ya gasketi juu ya kifuniko, kisha gonga kingo zake kwa nyundo ndogo yenye kichwa cha duara, taratibu, inajikata kwa umbo halisi pamoja na matundu ya bolti. Boksi la biskuti siyo gasketi. Kaza bolti kwa kuruka, huyu kisha wa upande wa pili, kidogo kidogo. Bolti ambayo tundu lake limetokeza mpaka kwenye oili ipake gundi kwenye meno, la sivyo itavuja kupitia meno yenyewe na utailaumu gasketi bure.

Kama mstari wa poda umeishia nyuma, kwenye shafti ya PTO, ni sili. Toa bolti za kile kifuniko cha nyuma, shafti inatoka na beringi yake. Kabla ya kuvaa sili mpya, pitisha ukucha mahali mdomo wa sili unapokaa. Ukikwama kwenye mfereji, sili mpya haitadumu. Mfereji mdogo usugue kwa msasa laini wenye mafuta, ukizungusha shafti, usisugue kwenda mbele na nyuma. Mfereji mkubwa mpelekee mkerezaji, au sili uisukume ndani milimita mbili tatu ili mdomo ukae kwenye chuma kizima, kama nafasi inaruhusu. Mdomo wenye springi utazame ndani, upande wa oili. Shafti ya PTO ya 135 ina meno 6, na meno hayo ndiyo yanayochana sili mpya wakati wa kuivisha. Kata chupa ya maji ya plastiki, funika nayo meno, paka grisi, pitisha sili juu yake, kisha vuta plastiki utoe. Gongea kwa kipande cha bomba kinacholingana na ukingo wa nje wa sili.

Unapokwenda Mwanza kununua, beba sili ya zamani mkononi. Namba zilizochorwa juu yake ni kipenyo cha ndani, cha nje, na unene. Oringi nazo zina mtego wake. Trekta hili ni la Mwingereza na vipimo vyake ni vya inchi. Oringi inayoitwa ya inchi 1/8, unene wake halisi ni milimita 3.53. Ukipewa ya milimita 3 itaingia kirahisi, itakaa vizuri machoni, na itavuja. Hapo ni kwa wale ambao mstari umeishia juu, pembeni mwa mikono ya kunyanyulia, kwenye ncha za ile shafti kubwa inayokatiza. Mkono ukitolewa, oringi inaonekana pale pale. Weka alama ya rangi kabla ya kuutoa ili urudi kwenye meno yake.

Jambo moja halisubiri msimu uishe. Ukikuta oili imelowesha ndani ya rimu ya tairi la nyuma, ni sili ya ekseli, na kwenye 135 breki ziko huko huko mwishoni mwa ekseli. Breki shuu zikinywa oili, tairi moja linashika na jingine halishiki. Na wewe unasema uko Magu, kwa hiyo barabara yako ni ile ya Musoma yenye mabasi. Usitoke nalo.

*

*Fundi, habari za kazi. Mimi ni mama wa nyumbani, Sengerema. Tuna MF 290, mume wangu yuko Geita kikazi kwa hiyo trekta nalisimamia mimi. Linalima, na kiangazi linabeba mchanga kwa tela ya kubinua. Dereva anadai hela ya lita 5 za oili ya haidroliki kila wiki, anasema linavuja. Nikienda kuangalia naona matone tu. Niseme nini, naibiwa?*
Mama, Sengerema

Nzuri, dada yangu. Kabla hujamshika mtu shati, tupige hesabu ya hayo matone.

Matone kama 20 ni mililita moja. Tone moja kila sekunde, trekta likifanya kazi saa 8, ni matone 28,800, karibu lita moja na nusu. Kwa siku 6 zinakaribia lita 9. Tone moja kila sekunde 10 ni kitu kingine kabisa: halifikishi lita moja kwa wiki nzima. Kwa hiyo "matone tu" inaweza kuwa wizi na inaweza kuwa kweli tupu, inategemea saa yako ya mkononi.

Tena umeangalia trekta likiwa limesimama. Uvujaji wa haidroliki hujionesha kukiwa na presha. Nenda siku ya mchanga, simama pembeni, siyo nyuma, mwambie anyanyue tela ikiwa imejaa. Tazama mpira unaokwenda kwenye tela, kichwa chake cha kuunganishia, na silinda yenyewe chini ya tela. Silinda ikivuja utaona fimbo inatoka imelowa na mchanga umeiganda. Mchanga huo ukirudi nao ndani unakula sili, na kadiri sili inavyoliwa ndivyo oili inavyozidi kutoka.

Kuna jingine ambalo madereva wengi hawalijui, nami simhukumu wako. Tela ya kubinua inakopa oili ya trekta. Ikinyanyuliwa, lita kadhaa zinahamia kwenye silinda, na ukipima wakati huo utaona imepungua. Dereva anaongeza. Tela ikishuka, oili yote inarudi, tangi linafurika, na ziada inatafuta njia kupitia sili na tundu la kupumulia. Kesho yake anasema kwa dhati kabisa kwamba linavuja, na ni kweli linavuja. Oili ipimwe tela ikiwa chini, siku zote.

Na kama tela yako inaazimwa na trekta jingine, au trekta lako linavuta tela za watu, jua mnabadilishana oili. Maji na uchafu wa mwenzako vinaingia kwako bila hodi. Angalau viunganishi vifutwe kabla ya kuchomeka na vivishwe vifuniko vikiachanishwa. Vikipotea, mfuko wa nailoni na mpira vinatosha.

Upande wa hela ningefanya hivi: nunua mwenyewe ndoo ya lita 20 iliyofungwa kiwandani, ikae nyumbani, dereva akihitaji achote kwa kipimo na aandike kwenye daftari tarehe, lita, na saa alizofanya kazi. Wiki mbili tatu za daftari hilo zitakupa jibu na hakuna aliyegombana. Matumizi yakishuka ghafla mara tu daftari lilipoanza, hutahitaji tena ushauri wa fundi. Yakibaki vile vile, lilete trekta Mwanza. Tangu Daraja la JPM lilipofunguliwa Juni 2025 kisingizio cha foleni ya kivuko cha Busisi hakipo.

*

*Kaka fundi, mambo. Mimi dereva, Misungwi. Mpira wa pawa stelingi unavuja ukungu tu, huoni tundu. Leo wakati nautafuta nikapitisha kidole, nikahisi kimenichoma. Pana kitundu kidogo, hakitoki damu, nimefunga kitambaa. Swali langu: mpira huo naweza kuuviringishia tyubu nikamaliza msimu?*
Dereva, Misungwi

Ujumbe huu uliingia kwenye simu, na huyu nilimpigia pale pale, sikungoja toleo. Kidole kilikuwa kimeanza kujaa na maumivu yamepanda mpaka kiganjani. Nilimwambia aache kila kitu aende hospitali ya Bugando, Mwanza, na akifika asiseme "nimechomwa na waya". Aseme: oili ya presha imeingia ndani ya ngozi. Walimpasua wakamsafisha. Kidole anacho.

Naandika kwa ajili ya wengine. Presha ya haidroliki kwenye matrekta haya ni baa 150 mpaka 200, wakati upepo wa tairi la gari dogo ni kama baa 2. Oili inayotoka kwenye tundu dogo kwa nguvu hiyo inapita kwenye ngozi, na glovu ya kitambaa haiizuii. Inatambaa ndani kufuata mishipa ya vidole. Nje unaona kitundu ambacho hata mtoto hawezi kukililia, na saa za mwanzo wakati mwingine hakiumi sana, ndiyo maana watu wanakwenda kulala. Ndani nyama inakufa. Wanaochelewa hupoteza kidole, wengine mkono. Usikikamue, usikipake chochote, usingoje kivimbe. Ni kesi ya upasuaji, siku hiyo hiyo.

Uvujaji wa ukungu unatafutwa kwa kipande cha katoni ukikishika kwa mbali, au kwa fimbo ndefu. Na kabla ya kulegeza nati yoyote: zima injini, shusha chombo chini, chezesha leva mbele na nyuma, zungusha usukani kushoto na kulia, presha yote iishe.

Tyubu? Hapana. Wala klipu za rejeta. Mpira wa haidroliki una waya uliosukwa ndani yake, na huo ukungu maana yake waya umeshakatika mahali. Soma maandishi yaliyo ubavuni mwa mpira wa zamani. Ukikuta 1SN au R1, una tabaka moja la waya. 2SN au R2 una mawili. Kwa mpira wa nusu inchi, wa tabaka moja unabeba baa 160 na wa mawili baa 275, kwa hiyo usikubali kurudishwa nyuma kutoka mawili kwenda moja kwa sababu ni bei nafuu. Vichwa vibanwe kwa mashine. Peleka vichwa vyote viwili vya zamani, kwa kuwa meno ya inchi na ya milimita hukubaliana mizunguko miwili ya kwanza halafu yanaharibiana. Ukifunga, ule mstari wa maandishi unyooke kutoka kichwa hadi kichwa. Ukiona unajizungusha, umeupinda mpira wakati wa kukaza, na utapasuka mapema. Geuza usukani mpaka mwisho pande zote uone kama unavutwa au unagusa chuma.

*

*Fundi, oili chafu iliyotolewa kwenye injini naweza kumimina kwenye haidroliki ya trekta kuukuu? Si inavuja tu?*
Msomaji, Kisesa

Hapana. Ina masizi, vyuma vilivyosagika na mara nyingi dizeli, na pampu yako ina valvu zinazokaa kwa uwazi mdogo kuliko unywele. Oili nzito ya difu ya 140 nayo hapana, pampu itashindwa kuivuta asubuhi. Nunua oili ya trekta ile inayohudumia giaboksi, haidroliki na breki za ndani kwa pamoja. Kwenye kopo utaona UTTO, na mara nyingi 10W-30. Kama trekta linavuja kiasi cha kukutia uchungu kumimina oili nzuri, rudi kwenye barua ya kwanza.

*

*Mwangaluka Fundi! MF 240 yangu haidondoshi hata tone, lakini nikinyanyua haro na kuzima injini, mikono inashuka yenyewe. Injini ikiwa inaunguruma, mikono inacheza juu chini kidogo kidogo. Mafuta yanakwenda wapi?*
Mkulima, Ngudu

Mwangaluka, ndugu yangu. Yanavujia ndani, hivyo hayapotei. Pampu inanyanyua, oili inatoroka mahali, mikono inashuka kidogo, pampu inanyanyua tena. Huo ndio mchezo unaouona.

Ukizima jioni na ukakuta haro chini asubuhi, kwa trekta la umri huo mimi nisingelifungua. Ikishuka ndani ya dakika chache, kuna oringi kwenye ile bomba fupi inayosimama kutoka kwenye pampu kwenda kwenye kifuniko cha juu, kuna pete za pistoni ya kunyanyulia, na kuna valvu ya usalama. Ningeanza na oringi za bomba, ndizo rahisi kufa na ndizo rahisi kununua. Tatizo ni kufika. Kifuniko cha juu kina silinda imefungwa chini yake na ni kizito, kinatolewa kwa cheni bloku. Watu wawili wakikinyanyua kwa mikono, mmoja atabanwa vidole. Ukishakifungua, badilisha oringi zote unazoziona na gasketi yake, usiache hata moja kwa sababu inaonekana nzima. Oringi iliyokwisha ni bapa upande mmoja, iviringishe kati ya vidole utaisikia. Safisha na chujio la pampu wakati umefungua njia.

Mpaka hapo, usiingie chini ya haro iliyonyanyuliwa na mikono hiyo, hata kwa kutoa nyasi. Weka magogo mawili imara, shusha uzito juu yake, ndipo uingie. Na jioni egesha ikiwa chini.

Aliyeandika kutoka Ukerewe kuhusu injini ya boti: nimepata picha zako, lakini nahitaji namba iliyochorwa kwenye kibati cha injini. Nitumie, nitakujibu toleo lijalo.